Bwana Asiye na Mshahara, na Bibi Aliyechoka



Juma hili twaacha kidogo maneno ya malezi ya watoto tuliyokuwa tumeyaanza, kwa sababu tumepata barua ambayo haifai kungojeshwa. Ameiandika mama mmoja wa Likasi, mwenye watoto watano, naye ametupa ruhusa ya kuieleza pasipo kutaja jina lake wala mtaa wake.

Bwana wake alikuwa dereva wa kamioni kubwa katika machimbo. Mkataba wake ulikwisha, haukuandikwa upya, na sasa yapata miezi minane amekaa bila kazi. Mama huyo auza makala na sombe sokoni. Kwa faida hiyo ndogo watu wote wa nyumba wanakula bukari, na watoto wawili bado wanakwenda masomoni. Mpaka hapo hakuna jambo geni: nyumba za namna hiyo twazijua nyingi. Lililotugusa ni hili. Kila siku asubuhi, saa kumi na mbili, bwana huyo huvaa viatu vyake vya kazi, huchukua mfuko wake, hutoka na kurudi jioni. Majirani wafikiri kwamba anakwenda kazini. Bibi yake peke yake ajua kwamba hukaa kutwa chini ya mwembe, karibu na njia ya reli.

Jioni moja yule mama alirudi kutoka sokoni, jua limempiga na makala hayakununuliwa. Alikuta bwana wake akimkaripia mtoto kwa sababu ya chumvi iliyopungua katika mboga. Akasema mbele ya watoto wote: "Mimi ndiye ninayewalisha humu ndani." Tangu siku ile bwana hakubali tena kula pamoja nao. Hula baadaye, peke yake, tena kidogo, wala hasemi neno. Mama amaliza barua yake kwa swali hili: "Nifanye nini ili mume wangu ajione mtu tena?"

Tumeisoma barua hiyo mara tatu. Kabla ya kumjibu mama huyu, twaomba ruhusa ya kurudi nyuma kidogo katika mambo ya nchi yetu, kwa maana mtu hazaliwi akifikiri kwamba thamani yake yote imo katika mshahara wake. Jambo hilo amefundishwa. Na katika Katanga alifundishwa vizuri sana.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Hapo mwanzo iliwaleta wanaume peke yao, kwa miezi michache, kisha wakarudi kwao. Katika miaka ya 1920 ikaona kwamba desturi hiyo inaleta hasara, ikaanza kutaka watu wakae muda mrefu, waoe, wazae watoto kambini. Basi mtenda kazi akapewa nyumba na posho: sehemu yake mwenyewe, sehemu ya bibi, sehemu ya kila mtoto. Masomo ya watoto yalitoka kwa kampuni, na hospitali vilevile. Hata mafundisho ya kushona na kupika ya akina mama. Wazee wa kambi walikuwa wakisema kwamba kazi ndiyo baba, tena ndiyo mama. Hawakusema hivyo kwa mchezo.

Angalieni jinsi mambo yalivyokuwa siku ya posho. Unga wa bibi ulitolewa kwa jina la bwana. Mwanamke asiyeandikwa katika buku la kampuni kuwa bibi wa fulani hakuwa na sehemu. Bibi mwenyewe aliamka alfajiri, alichota maji, alilea, alifua, alilima kishamba chake, lakini machoni pa kampuni alikuwa mtu wa kulishwa. Na bwana aliporudi jioni na hasira ya kapita wake, neno alilolipata upesi mdomoni lilikuwa hili: "Wakula jasho langu." Ni nani kati yetu aliyekulia kambini asiyelisikia neno hilo kutoka nyumba ya pili?

Kampuni ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ilianguka. Mwaka 1994 shaba yote iliyotoka haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikachelewa mwezi mmoja, kisha miezi mitatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Mwaka 2003 watu zaidi ya elfu kumi walipokea fedha za kuacha kazi kwa hiari, kama ilivyosemwa, ingawa wengi wao hawakuona njia nyingine. Tumewaona waliozitumia fedha hizo kununua gari la kubeba watu, likaharibika kabla ya mwaka kwisha. Tumewaona wengine waliozinywa.

Bwana Donatien Dibwe dia Mwembu, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu kikubwa juu ya jamaa za watenda kazi wa Katanga na mamlaka ya baba katika nyumba zao. Lakini hata asiyesoma kitabu aliyaona mambo hayo kwa macho yake. Akina mama walitoka. Walilima mahindi pembeni ya miji, waliuza makala, mikate, samaki wakavu, nguo za mitumba. Akina baba wengi walibaki wameketi mbele ya nyumba, wakingoja kampuni iite. Nyumba nyingine zilivunjika, nyingine zikasimama. Na tofauti kati yao haikuwa wingi wa fedha.

Sasa turudi kwa mama wetu wa Likasi. Neno alilolisema, "Mimi ndiye ninayewalisha," hakulibuni yeye. Alilirithi. Ni neno la akina baba, walilolisema miaka mingi walipokuwa na mshahara mkononi. Nao wanawake walilisikia, wakalihifadhi moyoni. Siku mambo yalipogeuka, neno hilo likawa tayari, lina makali yaleyale. Wala tusisahau kwamba sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kufunga mapatano ya kisheria, kana kwamba ni mtoto. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Mtu aliyewekwa chini muda mrefu namna hiyo, akipata siku moja nafasi ya kusimama juu, asipojihadhari atasimama juu ya mwenzake. Hatusemi hayo ili kumhukumu mama huyu. Twasema ili yeye na bwana wake waone kwamba adui wao ni mmoja: ile hesabu mbaya inayompima mtu kwa unga anaouleta.

Wasomaji wanaume watasema: "Basi bibi na aombe radhi." Ndiyo, twamshauri aombe radhi. Na kwa kuwa neno lilisemwa mbele ya watoto, msamaha nao uombwe mbele ya watoto. Ukiombwa chumbani kwa siri, watoto watabaki na neno la kwanza tu. Asiongeze maelezo wala asianze kusema habari za chumvi. Aseme: "Baba wa watoto wangu, nilikukosea siku ile, unisamehe," kisha anyamaze. Huenda bwana hatajibu. Basi asijibu, neno limekwisha kufika.

Lakini hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza, nasi twapenda kusema wazi juu ya shauri moja ambalo mama huyu amekwisha kulipata kutoka kwa shangazi yake. Shangazi amemwambia: "Mpe bwana wako fedha kwa siri, ili mbele ya wageni na watoto aonekane kwamba ndiye anayezitoa." Shauri hilo lapendwa sana katika miji yetu, na linatoka katika moyo mwema. Miaka iliyopita tungalilisifu. Leo twasita.

Kwa nini? Kwa sababu bwana huyu tayari anaishi katika uongo mmoja, uongo wa viatu. Kila asubuhi anapovifunga anajiambia: mimi bila kazi si kitu, sharti nifiche. Bibi akiongeza uongo wa fedha, hata akiwa na nia njema, anamwambia maneno yaleyale: kweli, wewe kama ulivyo huwezi kuonekana, acha tukufunike. Watoto nao si wajinga. Mtoto wa miaka kumi ajua fedha zimetoka katika kitambaa cha nani. Mtu anayefichwa hajengeki. Atashukuru leo, kesho atamchukia yule anayemficha, kwa maana ndiye shahidi wa unyonge wake.

Kutiana moyo ni kitu kingine kabisa. Ni kumtazama mwenzako jinsi alivyo, bila mshahara, na kumwonyesha kwamba bado unamhitaji kwa kweli. Twatia mkazo katika neno "kwa kweli". Huruma tupu humdidimiza mtu. Ukimwambia kila siku, "Maskini, usijali, Mungu yupo," atasikia neno la kwanza tu, lile "maskini". Bali ukimwuliza, "Mfanyabiashara wa makala wa Kambove ataka nimlipe gunia kumi mara moja, nikubali au nikatae?", umemweka tena katika kiti chake. Na usiulize kama umekwisha kukata shauri, atajua.

Tumemwuliza mama huyu katika jibu letu: bwana wako ajua nini? Alikuwa dereva miaka kumi na minne. Basi ajua injini, ajua njia zote za kwenda porini ambako makala yanachomwa, ajua bei za usafirishaji na hila za madereva wenzake. Kwa miezi minane mama amekuwa akilipa usafiri wa magunia yake kwa bei anayoambiwa, wala hajamwuliza yule aliyelala kando yake! Tulicheka kidogo tulipofikiri hivyo, na labda naye atacheka. Hatujui kama bwana atakubali kuisimamia kazi hiyo ya magunia. Lakini akiisimamia, haitakuwa kazi ya kumfurahisha, itakuwa kazi yenye faida inayohesabiwa katika daftari.

Asitazamie mabadiliko kwa juma moja. Moyo uliovunjika hauungwi kama sahani. Kuna siku bwana atakataa hata kujibu salamu, na siku hizo mama asiende kumwangukia na maswali. Amwekee chakula mezani mahali pake pa siku zote, pamoja na chakula cha wengine, asimpelekee chumbani. Asipokuja, chakula kibaki hapo. Mahali pake pasiondolewe.

Tumesema mengi na mama. Yatupasa kusema na bwana pia, naye bibi yake atuambia kwamba hulisoma gazeti hili akidhani hakuna anayemwona. (Wanaume wengine watakaofika hapa watataka kugeuza ukurasa, twawaomba wavumilie mistari michache.)

Ndugu yetu, kupoteza kazi si aibu yako. Mikataba hufungwa na kukatwa mbali sana na nyumba yako, kwa bei za shaba ambazo wewe hukuziweka. Lakini kuna jambo ambalo ni lako. Bibi yako aondoka alfajiri na gunia, arudi usiku na mgongo unaouma. Katika miezi minane, je, umemwambia asante? Barua yake haisemi kwamba umewahi kusema. Yawezekana unafikiri kwamba ukishukuru utakuwa umekiri kwamba umeshindwa. Ndiyo sababu unakaripia chumvi. Twakuambia kwa heshima: mtu mwenye kujithamini hashindwi kusema asante. Anayeogopa kushukuru ndiye ambaye ndani yake amekwisha kujidharau, naye hutafuta wa kumdharau ili wawe wawili. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika jamaa, aliwakumbusha watu wa ndoa maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Mtu aweza kuyaona kuwa maneno ya watoto wadogo. Basi ajaribu kuyasema leo jioni nyumbani kwake, aone kama ni mepesi.

Tena, ndugu, viache viatu. Hatukuambii uwatangazie majirani habari zako. Kaa nyumbani siku moja tu, siku ya kazi, mchana. Rekebisha kile kiti kilichovunjika, au wasaidie watoto katika hesabu. Majirani watashangaa siku mbili; siku ya tatu watakuwa na mambo yao. Nawe utakuwa umetua mzigo ambao hakuna aliyekutwika ila wewe mwenyewe.

Twaongeza maneno mawili ya kuonya. Kuna huzuni inayopita kiasi cha maneno ya bibi au ya rafiki. Mtu asipolala usiku majuma mengi, asipotaka kula, akianza kusema kwamba afadhali afe, au akianza kunywa lutuku tangu asubuhi, huo ni ugonjwa, na ugonjwa hupelekwa kwa waganga wenye elimu yake. Mafurere wanaoitwa Frères de la Charité wana kazi ya kutibu magonjwa ya namna hiyo huko Lubumbashi na huko Bukavu pia, na wengi wamepona. Hakuna aibu kwenda huko, kama vile hakuna aibu kwenda kupimwa malaria. La pili: kumtia mwenzako moyo si kuvumilia kupigwa. Bwana akiinua mkono, unyonge wake hauwi udhuru, na mama asikae kimya kwa kuogopa kumwaibisha. Awaendee wazee, na viongozi wa jumuiya yake, na ikilazimu waamuzi wa serikali.

Na ninyi wanafunzi, msifikiri kwamba ukurasa huu ni wa wazazi wenu tu. Tumesikia vijana waliokwisha kuchumbia wakisema na wachumba wao kwa mzaha mbele ya rafiki: "Huyu hajui kitu," "Huyu bila mimi angekuwa wapi?" Msichana hucheka kwa sababu wengine wanacheka. Kijana, mwangalie vizuri anapocheka. Na wewe msichana unayemlinganisha mchumba wako na yule wa rafiki yako mwenye simu kubwa na pikipiki, jiulize kama wataka mume au wataka pikipiki. Ile hesabu ya posho huanza mapema, wakati wa uchumba, kabla ya kuwa na nyumba wala gunia la unga. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso juu ya bwana na bibi, aliwaambia waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe. Tumelisikia somo hilo kanisani siku za arusi, mara nyingi tukifikiria karamu iliyokuwa ikitungoja. Maana yake ni karibu sana na mambo haya: anayemdharau mwenzake hajidhuru nusu, anajidhuru mzima.

Jibu letu kwa mama wa Likasi lilikwenda siku kumi zilizopita. Juzi ametutumia maneno mafupi. Msamaha ameuomba, mbele ya watoto, kama tulivyomshauri. Bwana hakujibu neno, alitoka nje. Lakini Jumamosi, mama alipokuwa akifunga magunia, alisikia sauti nyuma yake ikiuliza: "Huyo mwenye kamioni, anakutoza kiasi gani?" Alipomtajia bei, bwana akatikisa kichwa, akasema kwamba ni wizi. Hakusema zaidi. Jumatatu asubuhi alivaa viatu, akatoka tena.

Mama auliza kama hiyo ni dalili njema au mbaya. Twafikiri ni njema, nasi twamsihi asimwulize chochote juu ya viatu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajibu barua tatu zilizotufikia juu ya mama mkwe anayekaa pamoja na watu wa ndoa katika nyumba ya vyumba viwili. Mojawapo imeandikwa na mama mkwe mwenyewe.